Kutoka ‘Dhidi ya’ hadi ‘Pamoja na’: Historia ya Kihusishi *with* cha Kiingereza na Mwenzake *na* wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kihusishi *with* tangu Kiingereza cha Kale, kilipokuwa na maana ya ‘dhidi ya’, hadi leo ambapo maana yake kuu ni ‘pamoja na’. Yanadai kwamba mambo mengi yanayofundishwa darasani kama kanuni za matumizi sahihi ya neno hili ni mabaki ya safari hiyo, na kwamba *na* ya Kiswahili ilifika karibu na mahali hapohapo ikitokea upande wa pili. Baadhi ya sentensi zinazosahihishwa leo katika madaftari ya wanafunzi Waswahili zingepita bila kuguswa katika vipindi vya nyuma vya Kiingereza chenyewe.

Sentensi mbili za vita

Mwanahistoria anayeandika kwa Kiingereza anaweza kutunga sentensi mbili zifuatazo bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi: *The Matumbi fought with the Germans in 1905*, na *The men of the King's African Rifles fought with the British in Burma in 1944*. Kitenzi ni kimoja, kihusishi ni kimoja, na mpangilio wa maneno ni mmoja. Hata hivyo Wamatumbi wa 1905 walikuwa wakiwashambulia Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, ilhali askari wa Keya wa 1944 walikuwa upande mmoja na Waingereza, wakilikabili jeshi la Japani. Msomaji anayeijua historia ya vita hivyo hatatizika. Asiyeijua hawezi kuipata maana kutoka ndani ya sentensi yenyewe.

Kiswahili kinalijua tatizo hili, ila kwa nusu. Ukisema *Wamatumbi walipigana na Wajerumani*, msikilizaji anaelewa mara moja kuwa hao wawili walikuwa maadui. Ili kusema kuwa askari wa Keya walikuwa upande wa Waingereza, itabidi kuongeza kitu: *walipigana pamoja na Waingereza*, au *walipigana upande wa Waingereza*. *Na* peke yake, ikiandamana na kitenzi *pigana*, haielekei urafiki.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba *with* ina maana nyingi, na kwamba mwanafunzi azikariri. Maelezo hayo yanalitaja tatizo tu, hayalielezi. Ni vipi neno moja lije kubeba uadui na urafiki kwa pamoja, na kwa nini lishikamane na vitenzi fulani likiwa na maana ya kwanza na vingine likiwa na maana ya pili? Jibu haliko katika sarufi ya leo. Liko katika karne nne hivi, kati ya ya 11 na ya 14, ambapo kihusishi kimoja cha Kiingereza kilikufa na kingine kikarithi kazi zake bila kuacha zote za zamani.

Wið na mid

Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyoandikwa Uingereza hadi kiasi cha mwaka 1100, kilikuwa na vihusishi viwili pale ambapo leo kipo kimoja. Cha kwanza kilikuwa *mid*, ndugu wa *mit* ya Kijerumani, na maana yake ilikuwa ‘pamoja na’ na vilevile ‘kwa kutumia’. Mtu alisafiri *mid* rafiki zake, akakata *mid* upanga. Cha pili kilikuwa *wið*, ambacho herufi yake ya mwisho ilisomwa kama *th* ya *thelathini*. Hiki ni ndugu wa *wider* ya Kijerumani, neno ambalo mpaka sasa lina maana ya ‘dhidi ya’, na maana hiyo ndiyo iliyokuwa kiini chake: kukabiliana, kuelekeana, kusimama mkabala.

Pengine mahali pazuri pa kuiona maana hiyo si katika habari za vita bali katika vitabu vya tiba. Mkusanyo wa dawa unaojulikana kama *Bald's Leechbook*, ulionakiliwa katika karne ya 10, una maelekezo mengi yanayoanza kwa *wið* ikifuatwa na jina la ugonjwa: *wið* maumivu ya kichwa, *wið* maumivu ya jino, *wið* sumu ya nyoka. Dawa ilikuwa kinyume cha maradhi, na kihusishi kiliusema ukinyume huo waziwazi. Mswahili husema *dawa ya kichwa*, akitumia kiunganifu kilekile cha *kitabu cha Juma*, kana kwamba dawa ni mali ya ugonjwa. Wala hakuna anayedhani kwamba dawa hiyo inaleta maumivu. Vihusishi na viunganifu vya namna hii huegemea sana mambo ambayo wazungumzaji wanayajua tayari, na jambo hilo litarudi tena hapa chini.

*Wið* haikuwa na maana ya uadui peke yake. Iliweza kuandamana na nomino katika uhusika zaidi ya mmoja, na pamoja na ‘dhidi ya’ iliweza kuonyesha mwelekeo, ukaribu wa mahali, na kubadilishana kitu kwa kitu. *Tarihi ya Waanglo-Saksoni*, kumbukumbu za kila mwaka zilizoanza kukusanywa wakati wa mfalme Alfred mwishoni mwa karne ya 9, ina taarifa moja inayolionyesha neno hili likifanya kazi mbili mfululizo. Katika mwaka 865 jeshi la Wadenmarki lilipiga kambi katika kisiwa cha Thanet, pwani ya Kent, likafanya amani *wið* watu wa Kent. Nao watu wa Kent wakaahidi kulipa fedha *wið* amani hiyo. *Wið* ya kwanza ni ‘na’: amani hufanywa na mtu aliye upande wa pili. *Wið* ya pili ni ‘kwa ajili ya’ au ‘badala ya’: fedha zilikuwa bei. Mapatano hayo hayakudumu. Jeshi lilitoka usiku kwa siri na kuipora Kent yote ya mashariki kabla fedha hazijalipwa. Miaka sita baadaye, 871, tarihi hiyohiyo inahesabu mapigano makubwa tisa kusini mwa mto Thames, na humo *wið* inarudia kazi yake ya kumtaja adui aliyepigwa vita.

Amani na vita, basi, vilitumia kihusishi kimoja, na hapo ndipo kilipo chanzo cha mageuzi yote yaliyofuata. Mtu anayepigana, anayefanya biashara, anayefunga mkataba, anayejadiliana au anayezungumza, daima huwa na mwingine mbele yake. Kuwa mbele ya mtu si lazima kuwa adui yake. Katika mazingira ya vita *wið* ilisikika kama ‘dhidi ya’. Katika mazingira ya mkataba au mazungumzo ilisikika kama ‘na’ ya watu wawili wanaoshirikiana jambo. Neno lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kile ambacho msikilizaji alikichukulia kuwa maana yake, na pale mazingira ya pili yalipoongezeka kuliko ya kwanza, maana ikahama.

Mid yatoweka

Kuhama kwa maana hakuelezi kwa nini *mid* ilikufa. Lugha ingeweza kuendelea kuwa na vyote viwili. Sababu zinazotajwa na wanahistoria wa Kiingereza ni kadhaa, na zinafaa kupimwa moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni Kinodiki, lugha ya wahamiaji wa Skandinavia waliolowea mashariki na kaskazini mwa Uingereza. Kinodiki kilikuwa na neno *við*, linalofanana na *wið* kwa sauti na asili, lakini matumizi yake yalikuwa mapana zaidi upande wa kushirikiana. Watu wanaoelewana nusunusu katika lugha mbili zenye undugu huyachukua maneno yanayofanana na kuyapa maana zote mbili. Ushahidi wa kijiografia unaunga mkono hoja hii kwa kiasi chake. Orrm, mtawa wa mashariki ya kati ya Uingereza, eneo lililokuwa na wazao wengi wa Wadenmarki, aliandika katika nusu ya pili ya karne ya 12 kitabu kirefu cha mahubiri ya kishairi kiitwacho *Ormulum*. Yeye ana *wiþþ* pale ambapo maandishi ya zamani yangekuwa na *mid*, hata kwa ala na namna ya kufanya jambo. Kusini hali ilikuwa nyingine. Mtawa Michel wa Northgate, aliyeishi Canterbury na aliyemaliza tafsiri yake ya *Ayenbite of Inwyt* mwaka 1340, bado anaandika *mid*. Hata pale anapotangaza kuwa kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza cha Kent, ‘kwa’ hiyo ni *mid*. Kati ya watu hawa wawili kuna zaidi ya karne moja na nusu, na yule wa zamani ndiye anayesomeka kama mtu wa leo.

Sababu ya pili ni Kilatini. Makasisi na makarani waliosoma Kilatini walizoea *cum*, kihusishi chenye maana ya ‘pamoja na’ ambacho hutumika pia na kitenzi cha kupigana kumtaja adui. Kwa mtu wa namna hiyo, neno moja kubeba vita na urafiki halikuwa jambo geni. Sababu hii ina uzito kwa maandishi ya wasomi, lakini haielezi kwa urahisi usemi wa wakulima, ambao ndio walioiacha *mid* katika mazungumzo ya kila siku. Ya tatu ni kwamba *mid* ilifanana na *mid* nyingine iliyomaanisha ‘ya katikati’. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote: lugha huvumilia maneno yanayofanana kwa karne nyingi bila kuyaua. Hoja ya Kinodiki ndiyo yenye nguvu zaidi kwa sababu inaeleza mahali mageuzi yalipoanzia na mwelekeo yaliouchukua.

Vyovyote iwavyo, mwishoni mwa karne ya 14 *mid* ilikuwa imetoweka karibu kabisa kama kihusishi. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anaandika *with* kwa uandamani na kwa ala kama mwandishi yeyote wa leo. Kilichobaki cha *mid* kinaonekana katika *midwife*, mkunga, ambaye kwa asili ni ‘mwanamke aliye pamoja’ na mzazi. Kilichobaki cha *wið* ya kale kimejificha ndani ya vitenzi: *withstand* ni kusimama dhidi ya kitu, *withhold* ni kuzuia kisimfikie mtu, *withdraw* ni kuondoa. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa *with* ni ‘pamoja na’ na kisha akakutana na *withstand* ana haki ya kushangaa.

Kwa kuwa *with* sasa ilikuwa imeelemewa na kazi, Kiingereza kilihitaji neno jingine la uadui ulio wazi. *Against* ndiyo iliyoijaza nafasi hiyo. Yenyewe ilitokana na neno la kale la ‘kuelekeana’, ikaongezwa *-es* na baadaye *-t* ya mwisho isiyo na maana yoyote, kama ile ya *amongst*. Lakini *against* haikuvichukua vitenzi vyote. Wazungumzaji waliendelea kusema *fight with*, *quarrel with*, *argue with*, *compete with*, *struggle with*, *angry with*. Orodha hii hufundishwa darasani kana kwamba haina mpangilio. Inao: ni vitenzi na vivumishi vya makabiliano, ambavyo *with* ilibaki navyo kwa maana yake ya kwanza baada ya kwingineko kubadilika.

Ala, mtenda na wanasarufi

Kazi mbili zaidi ambazo *with* ilizipata zinahitaji kutajwa kwa sababu ndizo zinazowasumbua zaidi Waswahili. Ya kwanza ni ala, iliyorithiwa moja kwa moja kutoka kwa *mid*: *cut with a knife*. Ya pili ni mtenda katika kauli ya kutendwa. Kwa karne kadhaa Kiingereza hakikuwa na kihusishi kimoja cha kumtaja mtenda. *Of*, *from*, *with* na *by* vilishindana. Katika tamthilia za Shakespeare mtu anaweza kuuawa *with* mnyama, kwa maana kwamba mnyama ndiye aliyemuua. Baadaye *by* ilishinda, na *with* ikabaki na chombo kinachotumiwa na mtenda. Tofauti inayofundishwa leo, kwamba *killed by a lion* ni sahihi na *killed with a lion* ni kichekesho, kana kwamba kuna aliyemshika simba na kumpigia mtu, haikuwa imekaa imara wakati huo.

Wanasarufi walifika baada ya mengi kuwa yamekwisha amuliwa. Robert Lowth alichapisha sarufi yake mwaka 1762 na Lindley Murray yake mwaka 1795. Hii ya pili ilitumiwa katika shule za Uingereza na Marekani kwa vizazi kadhaa. Hawa na wafuasi wao waliyachukua matokeo ya mvutano wa karne nyingi wakayaandika kama mambo ya mantiki: kila neno na kihusishi chake. Mara nyingine walifanya zaidi ya kuandika yaliyopo. H. W. Fowler, katika *A Dictionary of Modern English Usage* ya mwaka 1926, alitenganisha *compare to*, kufananisha, na *compare with*, kupima vitu viwili ili kuona vinavyofanana na vinavyotofautiana. Utenganisho huo ni mzuri na una faida, na walimu wengi wa Afrika Mashariki wameufundisha kwa bidii. Lakini waandishi wazuri wa Kiingereza hawakuwahi kuufuata wote. Mwanafunzi anayekatwa alama kwa *compare to* anahukumiwa kwa pendekezo, tofauti na yule anayeandika *killed with a lion*, ambaye kweli amesema jambo jingine. Makosa haya mawili hayastahili kalamu nyekundu ya uzito mmoja.

Na ya Kiswahili ilitokea upande wa pili

Edward Steere, mmisionari wa Zanzibar, alipochapisha *A Handbook of the Swahili Language* mwaka 1870, alikutana na lugha yenye vihusishi vichache, ambamo sehemu kubwa ya kazi ya vihusishi vya Kiingereza hufanywa na kitenzi kwa mnyambuliko wake. Kamusi za Kiingereza kwa Kiswahili, kuanzia ile ya A. C. Madan ya mwaka 1894, hazikuweza kulionyesha jambo hilo kwa urahisi. Kamusi ya namna hiyo huanza na neno la Kiingereza na kulitafutia visawe, hata pale ambapo hakuna neno la kulingana nalo. E. O. Ashton, katika *Swahili Grammar* ya mwaka 1944, alijitahidi kuyapanga mambo kwa dhana za Kiswahili chenyewe, ndiyo maana anazungumza juu ya ‘*-a* ya uhusiano’ badala ya kutafuta tafsiri ya *of*. Mkabala huo haukuingia sana katika vitabu vya kufundishia Kiingereza. Humo *with* imeendelea kuwa *na*, na *na* imeendelea kuwa *with*.

Sasa *na* si neno la uadui kwa asili. Ni neno la Kibantu la kale, lenye wenzake wa sauti hiyohiyo katika Kikuyu, Kiganda, Kilingala na Kizulu, na maana yake ya msingi ni kuandamana: *Asha na Juma*, *alikuja na mtoto*, *nina kitabu*, yaani ‘niko pamoja na kitabu’. Lilianzia palepale ambapo *with* ilikuja kufikia. Uadui katika *pigana na* unatoka kwenye kitenzi, hasa kwenye kiambishi *-an-* cha kutendana. *Gombana*, *bishana*, *pambana*, *shindana*, *kosana*, *tukanana*: hivi vyote vinataka watu wawili wanaotendana jambo, na *na* inamleta yule wa pili tu. Ukilinganisha orodha hii na ile ya *fight with*, *argue with*, *quarrel with*, *compete with*, utaona kwamba zinakaribia kuwa orodha moja. Kiingereza kina makabiliano ndani ya kihusishi, kwa urithi wa *wið*. Kiswahili kinayo ndani ya kitenzi, kwa *-an-*. Matokeo yanafanana kiasi cha kumfanya mwanafunzi aamini kuwa *with* na *na* ni neno moja kwa nguo tofauti.

Imani hiyo huvunjika kwenye uwanja wa mpira. Mswahili husema *Yanga ilicheza na Simba* na kila mtu anajua kuwa timu hizo zilikutana kama wapinzani, ingawa *cheza* haina *-an-* hapa. Ujuzi wa msikilizaji kuhusu timu hizo unafanya kazi ambayo kiambishi kingeifanya. Mtu huyohuyo akisema *mtoto alicheza na wenzake*, hakuna ushindani unaosikika. Akiipeleka sentensi ya kwanza katika Kiingereza kama *Yanga played with Simba*, atacheka Mwingereza, kwa sababu *play with* leo ni kuchezea kitu au kushirikiana na mtu katika mchezo. Timu inayomkabili mpinzani hucheza *against*. Lakini katika Kiingereza cha karne ya 9, *wið* ndiyo iliyokuwa kihusishi cha kuwaweka wawili uso kwa uso. Sentensi hiyo ina kosa la tarehe kuliko kosa la mantiki.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtenda. *Na* ya Kiswahili humtaja mtenda katika kauli ya kutendwa: *aliumwa na nyoka*, *ameolewa na Juma*. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa *na* ni *with* huandika *\*He was bitten with a snake*, na mwalimu husahihisha kuwa *by*. Sahihisho ni la lazima. Hata hivyo kosa lenyewe linaanguka mahali ambapo Kiingereza kilisitasita kwa karne kadhaa. Akisha kujifunza kuwa mtenda ni *by*, mwanafunzi huyohuyo huandika *\*She is married by Juma*, na hapo husahihishwa tena, kwa *to*, kwa sababu *married by* leo ni kufungishwa ndoa na padri, shehe au mkuu wa wilaya. Hakuna kosa la uvivu katika safari hii ya kihusishi hadi kihusishi. Kila hatua imefuata kanuni aliyopewa.

Jambo ambalo vitabu vya darasani vingeweza kulitumia zaidi ni ukaribu wa *na* na *kwa* za Kiswahili kwa *by* na *with* katika ala. *Amekatwa na kisu* na *amekatwa kwa kisu* si sentensi moja. Katika ya kwanza kisu kimemkata mwenyewe, labda akimenya viazi. Katika ya pili kuna mtu aliyekitumia. Kiingereza kina tofauti hiyohiyo, *cut by a knife* na *cut with a knife*, na Mswahili anaijua tayari katika lugha yake. Akionyeshwa kwamba katika ala *with* inalingana na *kwa*, na kwamba *by* ndiyo inayolingana na *na* ya mtenda, ataacha kosa la nyoka bila kukariri chochote. Tatizo ni kwamba kisawe cha kwanza anachokutana nacho, *with* kuwa *na*, kinamfungia mlango huo.

Kuna pia mahali ambapo *with* haina neno lolote upande wa Kiswahili. *Filled with water* ni *kujaa maji*, pasipo kihusishi. *Angry with him* ni *kumkasirikia*, ambapo kazi yote imeingia katika kauli ya kutendea. *The woman with the basket* ni *mwanamke mwenye kikapu*, na *tea with milk* ni *chai ya maziwa*. *Shiver with cold* ni *kutetemeka kwa baridi*. Mtafsiri mzoefu hasiti katika yoyote kati ya hizi kwa sababu hatafsiri *with*, anatafsiri uhusiano. Anayeanza hutafuta neno, na asipolipata huibandika *na*, hata kwa kusema *\*amejaa na maji*, muundo ambao sasa unasikika katika Kiswahili cha baadhi ya watu walioyasoma mengi kwa Kiingereza.

Neno ambalo pande zote mbili zingetazamiwa kutofautiana zaidi ndilo linalokubaliana. *Without* ilikuwa *wiþutan*, na maana yake ya kwanza ilikuwa ‘kwa nje’, kinyume cha *within*. Kukosa kitu kulielezwa kwa *butan*, ambayo nayo ilianza kama ‘nje’ na sasa ni *but*. Kiswahili kilichukua *bila* kutoka Kiarabu, ambamo imeundwa kwa *bi*, yenye maana iliyo karibu na ‘kwa’ na ‘pamoja na’, na *lā* ya ukanushi: ‘pamoja-na-hapana’. Asili zao ziko mbali, lakini leo *without money* na *bila fedha* hukaa mahali pamoja na mwanafunzi hakosei. Ugumu humrudia akisoma Kiingereza cha zamani. Katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, sura ya tatu ya Marko, mama yake Yesu na ndugu zake wanafika na kusimama *without*, yaani nje. Na mtu anayeijua *bila* peke yake atajiuliza walisimama bila nini.